KONA YA WALIMU: Kukimbia bila kukimbizwa

  Kabla hatujaingia kwenye somo la mwezi huu, sisi walimu wa kujitolea tuna deni la kuomba radhi, hasa kwa ndugu zetu wa mitaa ya karibu na tangi la maji.

Wengi wenu mmeshasikia. Jumamosi moja ya mwezi uliopita tulianza mazoezi ya mbio na wanafunzi wa madarasa ya juu. Tulitoka shuleni saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, watoto kama thelathini, mwalimu mmoja yuko mbele anapuliza filimbi. Tulifikiri tunafanya jambo zuri. Tulipofika kwenye mitaa ile, milango ikaanza kufunguka na watu wakatoka nje. Mama mmoja alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni, sufuria mkononi. Mzee mmoja alimshika mwalimu mkono akauliza, "Wamefika wapi?" Tukamjibu, "Hakuna kitu, mzee wetu, ni mazoezi tu ya watoto." Akakaa chini palepale, hakusema neno.

Kosa lilikuwa letu. Tulisahau tunaishi na nani. Tena tulijisahau hata sisi wenyewe, maana wengi wetu walimu tulifika hapa tukiwa migongoni mwa mama zetu. Tunaomba mtusamehe.

Baada ya siku ile mama mmoja alikuja shuleni. Binti yake ni mwepesi sana wa miguu, anawashinda hata wavulana. Mama akasema hataki kumwona tena kwenye mbio. Maneno yake tunayaandika hapa kwa ruhusa yake: "Mimi nimekimbia usiku mzima na huyu mtoto tumboni mpaka kwenye mtumbwi. Sasa hakuna anayemfukuza. Kwa nini akimbie?"

Swali hilo tulishindwa kulijibu siku ile. Ukurasa wa leo ni jaribio letu la kumjibu mama huyo, na ninyi nyote mnaojiuliza kama yeye.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye kalenda. Kuna kalenda ya zamani imebandikwa ukutani darasani, ya kuzibia ufa. Kwenye picha moja kuna ngome ya mawe imesimama ziwani, na nyuma yake milima yenye theluji. Ngome ni boma kubwa la vita, kama ile Ngome ya Yesu kule Mombasa. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hii nyumba iko mu maji, iko ya nani?" Hatukujua. Basi tukaenda kutafuta vitabuni.

Ngome hiyo inaitwa Chillon, nayo iko Uswisi, kando ya ziwa la Léman. Ziwa hilo wamegawana Uswisi na Ufaransa. Urefu wake ni kilometa 73 hivi, na kina chake ni mita 310. Watoto wa Uvira, Baraka na Rumonge waliposikia hivyo wakacheka. Ziwa letu la Tanganyika lina urefu wa kilometa kama 670 na kina cha mita 1,470, na kwa kina ni la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. "Hilo la kwao ni kidimbwi!" wakasema. Sawa. Lakini kwenye kidimbwi hicho wamefanya kitu kimoja tukakitamani: ukingoni mwa maji wameweka njia za watu wa miguu, na watu wanakimbia humo asubuhi na jioni kwa kupenda kwao.

Hebu tuifuate njia hiyo pamoja. Tunaanzia mji wa Lausanne (husomwa Lozani), mahali panapoitwa Ouchy, penye bandari ndogo. Hapo kuna mnara wa ngome ya zamani, siku hizi ni hoteli. Tukielekea mashariki, maji yako mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ni mlima wa mizabibu unaoitwa Lavaux. Mlima huo umekatwa ngazi kwa ngazi na kuzuiwa kwa kuta za mawe, zaidi ya miaka 900 sasa, kazi iliyoanzwa na watawa. Ndugu zetu mliolima kwenye milima ya Kivu na Burundi mnajua taabu ya kuzuia udongo usiende na mvua. Mwaka 2007 UNESCO iliitia Lavaux kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Mbele kidogo kuna mji wa Vevey, halafu La Tour-de-Peilz, ambako kuna ngome nyingine ndogo ufukweni. Kuna mbio ndefu za marathoni zinazofanyika kila Oktoba, kilometa 42 na mita 195, na kwa miaka mingi wakimbiaji wametoka Lausanne mpaka La Tour-de-Peilz, wakageuza na kurudi kwa njia ileile. Ukiendelea unafika Montreux. Kutoka hapo mpaka Chillon ni kama kilometa nne, njia ya maua kando ya maji, hakuna gari. Unakimbia, unapinda kona, ngome inatokea mbele yako.

Ngome yenyewe imejengwa juu ya mwamba hatua chache kutoka nchi kavu, unaingia kwa daraja. Imetajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1150. Wakubwa wa Savoy waliitumia kuishika barabara inayobanwa kati ya mlima na ziwa, ili wafanyabiashara waendao Italia walipe ushuru. Sisi tunaovijua vizuizi vya barabarani hatuhitaji maelezo zaidi.

Chini ya ngome kuna gereza. Humo alifungwa mtu mmoja aliyeitwa François Bonivard, tangu 1530 mpaka 1536, kwa sababu alikuwa upande wa watu wa Geneva waliokataa kutawaliwa na Savoy. Kwa miaka minne alifungwa mnyororo kwenye nguzo. Hadithi ya wenyeji inasema alitembea na kurudi kadiri mnyororo ulivyomruhusu mpaka miguu yake ikachimba njia kwenye jiwe. Mwaka 1536 jeshi la Bern lilikuja kwa nchi kavu na kwa maji, likaiteka ngome na kumfungua. Mshairi Mwingereza Byron alifika hapo mwaka 1816 akatunga shairi kuhusu mfungwa huyo. Leo ukuta uleule uliomzuia Bonivard, watu wanapita nje yake wakikimbia, jasho linawatoka, kisha wanakwenda nyumbani kunywa chai.

Tulipowasimulia watoto habari hii, darasa lilinyamaza. Yule binti tuliyemtaja ndiye aliyevunja kimya: "Mwalimu, kumbe hata mwenye mnyororo alitembea."

Kuna jambo jingine kuhusu ziwa hilo. Upande wa magharibi uko mji wa Geneva. Hapo ndipo tarehe 28 Julai 1951 mataifa yalipopitisha mkataba unaosema mkimbizi ni nani na ana haki gani. Makao makuu ya UNHCR yako huko, na majina yetu kwenye karatasi yanatoka kwenye mkataba ule. Na Lausanne, tulikoanzia safari, ndiko yaliko makao ya kamati ya Olimpiki tangu 1915. Kamati hiyo ndiyo iliyounda timu ya wakimbizi kwa michezo ya Rio mwaka 2016. Walikuwa kumi. Watano ni wakimbiaji wa Sudan Kusini waliolelewa kambi ya Kakuma, Kenya, na mmoja wao, dada Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera. Wawili walikuwa Wakongo wacheza judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Mjini Paris mwaka 2024 timu ilikuwa na watu 37, na dada Cindy Ngamba, mzaliwa wa Kameruni anayeishi Uingereza, akapata shaba kwenye ndondi, medali ya kwanza ya timu hiyo.

Hatusemi kwamba mtoto wako atakwenda Olimpiki. Tungesema hivyo tungekuwa waongo. Wala hatusemi ataiona Chillon. Sisi wenyewe bila kibali hatuvuki geti, na Ziwa Tanganyika lililo jirani hatuendi kulitazama tunapotaka.

Tunachosema ni hiki. Kwa Kiswahili, mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa neno moja, kukimbia. Mkimbizi hakuchagua siku wala njia, na hakuambiwa saa ya kurudi. Mkimbiaji anachagua anapoanzia, anajua anapoishia, na akifika anacheka na wenzake. Watoto wetu jina la kwanza wamezaliwa nalo. Hilo la pili tunaweza kuwapa sisi wenyewe, hapahapa ndani, wala halihitaji kibali.

Basi tumepima njia yetu. Tulichukua kamba ya mita 50 tukaivuta mara 80, na kwa kuwa 50 mara 80 ni 4,000, tumepata kilometa nne, sawa na Montreux mpaka Chillon. Watoto wameipa vituo majina. Shule ni Montreux. Shamba la mihogo ni Lavaux. Tangi la maji, kwa kuwa ni la mawe na liko juu, ndilo Chillon.

Tumekaa na viongozi wa mitaa na wazazi kadhaa, tukakubaliana haya:

1. Mbio zitaanza saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Gizani hatukimbii tena.
2. Filimbi tumeiweka. Watoto watakimbia wakiimba. Anayekimbizwa haimbi, kwa hiyo kila aliye ndani ya nyumba atajua.
3. Viongozi wa mitaa watatangaza siku moja kabla.
4. Siku ya posho hakuna mbio, maana watoto wanasaidia kubeba.
5. Wasichana watakuwa na mwalimu wa kike, na hakuna mtoto atakayekimbia bila mzazi kukubali.
6. Viatu si lazima. Kandambili ziacheni nyumbani, zinaangusha. Mtoto anywe maji kabla ya kutoka na akirudi.

Yule mama alikuja Jumamosi iliyopita. Alikaa juu ya dumu lake pale tangini, akatazama watoto wakija na wimbo wao. Binti yake hakuwamo. Alikuwa amesimama karibu naye, ameshika kanga ya mama. Walipopita, mama akauliza, "Na wanarudi saa ngapi?" Tukamwambia, saa mbili kamili wote wako nyumbani. Akasema atafikiri.

Mama, tunakusubiri, hatuna haraka. Na yule mzee wetu wa siku ile, tumepitia kwake mara mbili kumsalimu, na sasa anasema wimbo wa watoto haufai, atawafundisha mwingine.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.