Hesabu: Nani anafaidika tukibaki mbumbumbu?

KIJANA wa Tunduma, kabla hujafungua ukurasa wa michezo, hebu piga hesabu hii. Una sh. 900,000 mfukoni. Umekwenda mpakani kuchukua kwacha ili uvuke Nakonde ukafuate mzigo. Jamaa wa maburungutu anakuuzia kwacha moja kwa sh. 100. Ng'ambo unakuta mzigo umekwisha. Unarudi, na jamaa yuleyule ananunua kwacha zako kwa sh. 90 kila moja. Bei hizo ni za mfano tu. Umerudi nyumbani na shilingi ngapi?

Jibu ni sh. 810,000. Hujanunua hata kiberiti, lakini umekwishaacha sh. 90,000 njiani. Kama umelipata bila kugusa simu, hongera. Kama hukulipata, usione haya. Huko peke yako, na sehemu kubwa ya kosa si lako. Leo tuwaseme wenye kosa.

KILICHOANDIKWA NI KIZURI

Wapo wanaodhani kwamba taabu ya hesabu inatokana na wakubwa kuandika mambo ya ajabu kwenye mihtasari. Sivyo. Ukiisoma mihtasari yenyewe utashangaa. Mtoto wa darasa la 5 hadi la 7 anatakiwa ajue sehemu, desimali, asilimia, faida na hasara, riba, vipimo vya uzito na ujazo, eneo, takwimu na aljebra ya mwanzo. Akiingia kidato cha 1, kwa muhtasari wa mwaka 2005 uliowalea wengi wenu, anakutana na uwiano, faida na hasara tena, mzingo na maeneo. Kidato cha 2 anapewa vipeo, logi, kanuni ya Pythagoras, trigonometria, seti na takwimu.

Enzi za Mwingereza umri huo ulikuwa wa shule za kati, darasa la 5 hadi la 8. Jina hilo limekufa lakini umri ni uleule. Ni hapo ambapo mtu huzielewa namba, au huanza kuzikimbia mpaka kaburini.

Sasa itazame orodha hiyo vizuri. Hiyo ni Tunduma tupu! Asilimia ndiyo biashara ya mpakani. Uzito ndiyo lumbesa, lile gunia lenye kilemba linalomlia mkulima wa Mbozi na Momba jasho lake, maana anayejua kilo hauzi kwa gunia. Januari 1, 2013 Zambia ilipofuta sifuri 3 kwenye kwacha yake, kwacha 50,000 ya zamani ikawa 50 mpya, na kwa miezi 6 noti za zamani na mpya zikatembea pamoja. Kugawanya kwa 1,000 ni somo la shule ya msingi. Aliyelijua alilala usingizi. Asiyelijua alikuwa windo.

KAUSHA DAMU NA MKEKA

Twende kwenye vipeo, somo la kidato cha 2 ambalo vijana wengi hudhani liliwekwa kuwatesa. Umekopa sh. 100,000 kwa wale wa kausha damu, tuseme kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Umeshindwa kulipa, na kila mwezi riba inaunganishwa na deni. Baada ya mwaka unadaiwa ngapi?

Mtu wa kawaida atasema: 30,000 mara 12 ni 360,000, ukijumlisha na ile laki unapata 460,000. Anakosea vibaya! Kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.3, na 1.3 ikipandishwa kipeo cha 12 inapita 23. Unadaiwa zaidi ya sh. 2,300,000. Pikipiki imekwenda, kitanda kimekwenda. Hicho ndicho kipeo, msomaji. Aliyekukopesha anakijua.

Sasa mkeka. Najua hapa nagusa wengi. Umechagua timu 10 na umeweka sh. 1,000. Tuseme kila timu ina nafasi nusu kwa nusu ya kushinda, na kila moja umepewa odi ya 1.8. Nafasi ya zote 10 kushinda ni nusu, mara nusu, mara nusu, hadi mara 10. Yaani mara 1 katika 1,024. Na zikishinda zote utalipwa ngapi? 1.8 kipeo cha 10 ni 357. Kwa hiyo utapata kama sh. 357,000.

Weka mezani uone. Ukiweka mikeka ya namna hiyo 1,024 umetoa sh. 1,024,000. Kwa wastani utapata mmoja, urudishiwe sh. 357,000. Sh. 667,000 zimekwenda kwa mwenye kampuni, na Serikali imevuna kodi yake. Humo hakuna bahati wala mkosi. Ni hesabu tu, imepigwa na mtu aliyekwenda shule akimlenga mtu aliyefukuzwa na hesabu shuleni.

Somo linalofundisha jambo hilo linaitwa uwezekano. Kwa muhtasari wa 2005 liliwekwa kidato cha 4. Kubadilisha fedha za kigeni pamoja na hesabu za daftari la biashara viliwekwa kidato cha 3. Je, wenzako uliomaliza nao darasa la 7 wote walifika huko? Wangapi waliishia kidato cha 2 wakaingia barabarani kupakia mizigo na kuendesha bodaboda? Hao wamenyimwa hasa kile ambacho barabara inawadai kila siku.

ASILIMIA 92 YA NINI?

Tuje kwenye takwimu za wakubwa. Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2023, ufaulu wa jumla ulikuwa zaidi ya asilimia 89. Mwaka 2024 ukapita 92. Makofi na vigelegele!

Lakini shuka chini kwenye hisabati. Mwaka 2022 alifaulu kama mmoja kati ya 5. Mwaka 2023 na 2024, kama mmoja kati ya 4. Na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30 kwa 100. Maana yake watoto 3 kati ya kila 4 hawafikishi hata 30. Mwenye duka anayepata 29 kwa 100 kwenye kuhesabu pesa zake amekwishafunga duka. Sisi tunaita ufaulu.

Huu mchezo wa kuchezea mizani haukuanza jana. Matokeo ya kidato cha 4 ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliangusha watoto zaidi ya 240,000 kwenye daraja sifuri. Nchi ikatikisika. Ikaundwa tume ya Waziri Mkuu. Mei 2013 Serikali ikayafuta matokeo na kuamuru yapangwe upya. Baadaye mwaka huohuo ikatangazwa daraja la 5 kuchukua nafasi ya sifuri, kelele zikapigwa, likaachwa. Mwaka 2014 wakaleta wastani wa pointi badala ya madaraja. Mwanzoni mwa 2016 wakarudi kwenye madaraja yaleyale.

Sisi wa Tunduma tunaijua mizani, magari yanapimwa mbele ya macho yetu. Ukigeuza mshale wa mizani, mzigo haujaongezeka hata kilo.

Na kule shule ya msingi? Mwaka 2012 ilikuja karatasi ya kusahihishwa na mashine. Hisabati nayo ikawa ya kupaka herufi kwa penseli. Ukiwa na herufi 5 za kuchagua, hata asiyejua kitu atapata swali 1 katika 5 kwa kupiga ramli. Baadaye wakarudisha maswali machache ya kuonyesha njia, lakini mengi yamebaki ya kuchagua. Katika hesabu njia ndiyo akili yenyewe. Tumewafunza watoto kubahatisha, halafu tunashangaa wanapokuwa wateja wa mikeka!

JANUARI YA MABUBU

Sasa njoo kwenye jeraha kubwa. Miaka 7 mtoto wa shule ya Serikali amesoma kwa Kiswahili. Anajua kigawo na kigawe, mzingo na kipenyo. Anajua KDS na KKS. Januari anaingia kidato cha 1, na siku moja vitu vyote vimebadilishwa majina, kama gari la wizi lililobandikwa namba mpya. Kitu ni kilekile, lakini mwenyewe hakitambui. Anakaa bubu. Mwalimu naye, ambaye alipita njia hiyohiyo, anaandika ubaoni na watoto wanakopi.

Watakuambia hesabu haina lugha, ni namba tu. Changa la macho! Mpe mtoto swali la baba aliyegawa shamba kwa watoto 3 kwa uwiano, uliandike kwa lugha asiyoijua, uone kama namba zitamsaidia.

Watakuambia pia kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia. Sawa, na hapa mpakani tunakihitaji kuliko wao. Basi kifundishwe kama Kiingereza, na walimu wanaokijua. Kumfundisha mtu lugha asiyoijua kwa kumpigia hesabu ndani yake ni kumkosesha vyote viwili. Watoto wa vigogo hawana taabu hiyo, maana wameanza na Kiingereza chekechea kwa ada ambayo wewe huioni kwa mwaka mzima.

Na si kwamba hawakuambiwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiingie sekondari. Wakakataa. Sera ya elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015 na Rais Kikwete, ikasema Kiswahili kitumike ngazi zote. Ikawekwa kabatini. Likaja toleo la 2023 na mtaala mpya ulioanza Januari 2024, na Kiingereza kimebaki palepale mlangoni pa sekondari. Miaka zaidi ya 40 ya longolongo!

NA WALIMU JE?

Mwaka 2014 Serikali ilianzisha stashahada maalumu Chuo Kikuu cha Dodoma ili kuziba pengo la walimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 Serikali hiyohiyo ya chama hichohicho ikawafukuza chuoni vijana zaidi ya 7,000 waliokuwa wakisoma kozi hiyo, na Rais Magufuli akawaita vilaza. Baadhi yao walipangiwa vyuo vya ualimu baadaye. Lakini jiulize: nani aliyewaita? Nani aliyeweka sifa za kujiunga? Kilaza ni mwanafunzi aliyeitikia wito, au ni mkubwa aliyeandika barua ya wito?

Watu wa Songwe hatuwezi hata kujitetea kuwa tulikuwa mbali na meza. Matokeo ya 2012 yalipotangazwa, Naibu Waziri wa Elimu alikuwa Philipo Mulugo, mbunge wa jimbo la Songwe. David Silinde, aliyekuwa kambi ya upinzani hadi 2020, alivuka kwenda CCM, akachaguliwa Tunduma mwaka huohuo na kuwa Naibu Waziri TAMISEMI upande wa elimu. Meza tulikaa. Hesabu za watoto wetu zilipona? Hapa tatizo limepita mtu mmoja. Ni chama kilichokaa madarakani tangu uhuru, kwanza kikiitwa TANU na baadaye CCM, na ambacho hakina sababu ya kuharakisha. Raia anayejua asilimia atauliza ushuru wa mpakani umekusanywa kiasi gani na halmashauri imebakiwa na kiasi gani. Raia asiyejua atapewa fulana na kofia.

TUDAI NINI?

Kwanza, hisabati ifundishwe kwa Kiswahili angalau hadi kidato cha 2, na kila neno liandikwe kitabuni na mwenzake wa Kiingereza ubavuni. Pili, fedha za kigeni, riba ya kuunganishwa na uwezekano viletwe chini, kabla kijana hajaacha shule. Tatu, mtihani wa darasa la mwisho wa msingi upime njia, siyo penseli. Nne, kila shule ibandike ukutani idadi ya walimu wake wa hisabati na alama za hisabati peke yake, zisifichwe ndani ya ufaulu wa jumla.

Watasema vijana wenyewe ni wavivu. Mvivu gani anayekesha akikokotoa odi za mechi 10 mpaka saa 8 usiku? Akili ipo, na kiu ya namba ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ukweli kwa lugha yake.

Kwa hiyo, msomaji, diwani au mbunge akija mtaani kwako na makaratasi yake, akitamba kwamba ufaulu umepanda asilimia kadhaa, usipige makofi kwanza. Nyosha mkono umuulize swali la darasa la 5: asilimia ya nini?

Akishindwa kujibu, utakuwa umejua nani hasa alifeli hesabu. Kazi kwako.