Asilimia 90 ya nini?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumze mkaa. Si ule wa gunia tunaochemshia maharage, la hasha. Nazungumzia bayocha: mkaa unaotokana na maganda ya mpunga, magunzi, vifuu au matawi yaliyochomwa mahali penye hewa kidogo sana, kisha ukachanganywa kwenye udongo ili kuuboresha.

Najua wengi mnaopita hapa mna kashamba Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo, mnalima kwa simu na kwenda kukagua wikiendi. Basi hili linawahusu.

Naomba nieleweke, sina ugomvi na bayocha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa katika nchi za tropiki mavuno yalipanda kwa wastani wa asilimia 25, wakati katika nchi za baridi faida hiyo haikuonekana. Sababu mojawapo ni kwamba udongo mwingi wa tropiki umechoka na una tindikali, na bayocha huipunguza kama chokaa inavyofanya. Kwa hiyo kitu chenyewe kipo na kinafanya kazi. Ugomvi wangu ni na namba.

Tuseme muuzaji anakuonesha kiroba kilichoandikwa "mata ogani asilimia 90". Mata ogani, kwa lugha ya shambani, ni yale masalia ya mimea na wanyama yanayooza na kuwa mboji. Asilimia 90! Nani atakataa? Swali ni moja tu: wamepimaje?

Njia rahisi kuliko zote ni ya kuchoma. Unakausha sampuli kwa nyuzi 105, unapima uzito, unaiunguza kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 550 hivi mpaka yabaki majivu, unapima tena. Uzito uliopotea unaitwa mata ogani. Kwa udongo wa kawaida njia hii inakubalika. Kwa mkaa, tusidanganyane. Chukua vumbi la mbao lililotoka kwenye msumeno sasa hivi, halijaonja moto, liweke kwenye tanuri hilo. Nalo litapata zaidi ya asilimia 90! Kipimo hakijui kutofautisha mkaa ulioiva na mbao mbichi. Wakati huohuo bayocha nzuri ya maganda ya mpunga itapata alama ndogo, kwa sababu maganda hayo yana silika nyingi ambayo hubaki kama majivu. Mwenye mzigo mbichi anapongezwa, aliyechoma vizuri anaonekana tapeli.

Njia ya pili ni ile ya Walkley na Black ya mwaka 1934, ambayo maabara nyingi za udongo bado zinaitumia. Sampuli inachanganywa na daikromati na tindikali kali ya salfa, na kemikali hizo zinaunguza kaboni. Shida ni kwamba mkaa ulioiva hauunguzwi kirahisi namna hiyo. Sehemu kubwa ya kaboni yake inabaki salama, na jibu linatoka dogo kuliko ukweli.

Kichekesho kinakuja baadaye. Kwa mazoea, kaboni iliyopimwa huzidishwa kwa 1.724 ili kupata mata ogani, kwa sababu mboji ilikadiriwa kuwa na kaboni asilimia 58. Sasa chukua mkaa wa miti wenye kaboni asilimia 80, piga hesabu. Unapata asilimia 138! Kiroba cha kilo 100 kina kilo 138 za mata ogani. Hata mganga wa kuzidisha fedha hajafika huko.

Kipimo kinachofaa kipo. Sampuli inaunguzwa kabisa kwenye mashine inayopima kaboni yote, kisha unaondoa ile iliyo kwenye chokaa na majivu. Halafu unalinganisha atomi za haidrojeni na za kaboni hiyo ya ogani. Viwango vya kimataifa vinataka uwiano usizidi 0.7, kwenye mbao mbichi huzidi 1. Hapo ndipo unajua kama mkaa umeiva na utakaa ardhini.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Kwenye biashara ya kaboni, uwiano huo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuulizwa. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilichapisha mwaka 2019 makadirio ya kaboni inayobaki baada ya miaka 100: asilimia 89 kwa bayocha iliyochomwa zaidi ya nyuzi 600, asilimia 65 kwa ile ya nyuzi 350 hadi 450. Yaani mtu wa Ulaya anayenunua haki ya hewa anapewa maelezo yote, na mkulima wa Kyela anayeweka mzigo wenyewe shambani apewe namba moja isiyo na kichwa wala miguu? Huyo ndiye atakayekosa mavuno akidhani amenunua mboji. Mkaa si mboji. Hauozi haraka, nitrojeni yake haifikii mmea kirahisi, na mpya ukiwekwa peke yake unaweza hata kuinyang'anya mimea chakula. Unatakiwa kuchanganywa na samadi au mboji kwanza.

Kwa hiyo nashauri hivi. Wanaosimamia mbolea wasikubali neno "mata ogani" kwenye kiroba cha bayocha. Waandikwe mambo manne: kaboni ya ogani, uwiano wa haidrojeni na kaboni, majivu, na unyevu, pamoja na njia iliyotumika kupima. Na sisi waandishi, tukipewa taarifa ya mradi yenye asilimia za kutisha, tuulize kabla ya kuinakili.

Wewe mwenye kashamba, ukiambiwa asilimia 90, muulize muuzaji: ya nini, na mmepimaje? Akianza kujikuna kichwa, rudisha pochi mfukoni.

Nawakilisha.