Tuonyesheni tafiti mlizoziengua

Madhara ya kobalti kwa watu wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, yamechunguzwa na wengi, na sasa wapo wanaokusanya tafiti za wenzao ili kutoa hukumu moja. Hukumu hiyo huaminiwa kuliko utafiti mmoja mmoja, na inastahili, ila kwa sharti kwamba msomaji aone tafiti zilichaguliwaje.

Chukua neno la kutafutia tu. Jimbo la Lualaba, ulipo mji wa Kolwezi, lilizaliwa mwaka 2015, jimbo la Katanga lilipogawanywa. Anayetafuta "Lualaba" peke yake anaweza kuukosa utafiti wa 2009 wa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake, waliokuta kobalti nyingi mno katika mkojo wa watu waishio karibu na migodi ya Katanga. Anayepokea Kiingereza tupu anaziacha nje tasnifu za Kifaransa za Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Anayetaka Kolwezi tu ataupata utafiti wa 2018 wa mtaa wa Kasulo, ambako wakazi, hasa watoto, walikutwa na kobalti kupita kiasi, lakini ataukosa ule wa Lubumbashi wa 2020, uliohusisha kazi ya baba migodini na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Kila sharti hapo lina utetezi wake. Lisilo na utetezi ni kulificha, maana mkazi wa Dilolo au Fungurume atasomewa matokeo asijue nini kilibaki nje.

Mwongozo wa PRISMA wa kuripoti mapitio ya aina hii, uliotolewa 2009 na kufanyiwa marekebisho 2020, unadai mchoro wenye hesabu: rekodi ngapi zilipatikana, ngapi zilijirudia, ngapi zilianguka kwa muhtasari, ngapi baada ya kusomwa zote na kwa sababu gani. Toleo jipya linataka pia zitajwe kwa majina zile zilizoonekana kufaa kisha zikaenguliwa. Kwangu hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa idadi tupu haibishiki, bali jina la utafiti linabishika.

Watasema ni kazi ndefu na majarida hayana nafasi. Orodha huwekwa kwenye kiambatisho mtandaoni, na sababu ikiandikwa siku ya kuchuja haichoshi. Kinachochosha ni kuitafuta mwaka mmoja baadaye. Wengine watasema mchoro unaweza kupambwa baada ya uamuzi. Kweli kabisa. Ndiyo maana vigezo vya mapitio ya afya husajiliwa mapema, kwa mfano katika daftari la mtandaoni la PROSPERO, lililoanza 2011. Na ripoti kama ile ya Amnesty International na Afrewatch ya 2016 kuhusu watoto machimboni? Anayeiengua kwa kuwa haikupima damu wala mkojo ana haki, mradi aandike hivyo.

Kamati za tasnifu za Lubumbashi na Kolwezi zianze mwaka huu: mapitio yasiyo na orodha ya tafiti zilizoenguliwa yarudishwe kwa mwandishi.