Sikio la Fundi

Wako watu wasemao kwamba zama za fundi wa spana zimekwisha. Husema kuwa motokaa ya leo ina ubongo wake, na kwamba ubongo hautengenezwi kwa nyundo. Kwa hiyo, wasema, mzee mwenye ovaroli iliyolowa oili, afanyaye kazi kando ya barabara chini ya mkaratusi, hana budi kukunja vyombo vyake na kumpisha kijana mwenye kompyuta. Maneno haya yalianza mijini, na sasa yamefika hata Kenyenya, katika vilima vya Kisii, baina ya migomba na majani chai. Mimi nayakanusha. Siichukii kompyuta; nachukia somo ambalo maneno hayo yanawafunza vijana, kwamba mtu aweza kuwa na jibu bila ya kuwa na elimu.

Msomaji, nisikilize kwa subira, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza tuitazame elimu hiyo inayodharauliwa. Injini ya petroli, iwe ya mwaka 1955 au ya mwaka huu, yataka mambo manne: hewa, petroli, cheche na wakati. Hewa na petroli hazina budi kuchanganyika kwa kadiri, uzani wa hewa ukiwa karibu mara 15 ya uzani wa petroli. Cheche nayo iruke kwa wakati wake, isitangulie wala isichelewe. Katika motokaa za zamani kuchanganya kulikuwa kazi ya kabureta, na kukata umeme ili cheche iruke kulikuwa kazi ya pointi. Fundi alizungusha skrubu ya kabureta robo ya mzunguko, akasikiliza, akairudisha kidogo, akasikiliza tena. Alipitisha kijisahani chembamba cha chuma kati ya pointi ili apime nafasi isiyofika nusu ya milimita. Alichomoa plagi akaitazama usoni. Plagi nyeusi yenye masizi ilimwambia kwamba petroli imezidi. Plagi nyeupe kama mfupa ilimwambia kwamba petroli ni chache na joto ni kali. Plagi ya rangi ya hudhurungi ilimwambia kwamba mambo ni salama. Hakuwa na kioo cha kusomea, lakini alikuwa msomaji.

Sasa tuiseme kweli ya upande wa pili, maana mtetezi afichaye sifa za mpinzani wake hastahili kusikilizwa. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutoa mtambo ulioitwa D-Jetronic, uliokadiria petroli ya injini kwa nguvu za umeme badala ya kabureta. Tangu siku hiyo kazi hii imezidi kukamilika. Faida yake twaiona wenyewe nyanda za juu. Mombasa iko usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Katika kimo hicho hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano. Motokaa ya kabureta iliyorekebishwa pwani ilipofika huku ilitoa moshi mweusi, ikanywa petroli kwa pupa, ikakosa nguvu mlimani, mpaka fundi alipoifungua na kuirekebisha upya. Motokaa ya kompyuta hupima hewa yenyewe na kujirekebisha safarini, mara nyingi kila sekunde, wala dereva hana habari. Hakuna sikio la mwanadamu liwezalo kazi hiyo. Akatayekubali jambo hili anashindana na jua.

Lakini kupima ni jambo moja na kuelewa ni jambo jingine. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Kompyuta ya motokaa haina macho. Huletewa habari na vihisio, ambavyo mafundi wa leo huviita sensa. Kimoja hupima hewa iingiayo injini. Kingine hukaa katika bomba la moshi na kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Habari zikipingana kupita kiasi, kompyuta huwasha taa ya onyo mbele ya dereva na kuandika alama katika kumbukumbu yake. Kijana huchomeka mashine yake ya kusomea makosa, na mashine humwonyesha, kwa mfano, alama P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko ni mwembamba: hewa imezidi petroli. Imekwisha, mashine haisemi zaidi ya hapo. Haisemi kama pampu ya petroli imechoka, au chujio limeziba, au kihisio cha hewa kimeshika vumbi, au mpira wa hewa umepasuka. Imetaja homa, haikutaja ugonjwa.

Nakupa kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Nilikuwa na Toyota Probox, gari linalojulikana sana katika barabara zetu, kwa kuwa hubeba watu, ndizi na majani chai bila ya kulalamika. Likaanza kutetemeka linaposimama huku injini inazunguka, na taa ya onyo ikawaka. Nililipeleka katika karakana moja ya mjini, karakana safi yenye sakafu ya vigae. Mashine ilichomekwa, ikaonyesha alama hiyo niliyoitaja. Nikauziwa kihisio kipya cha oksijeni kwa fedha ambazo zingelipa sehemu kubwa ya karo ya mtoto. Taa ilifutwa. Baada ya siku tatu ikawaka tena.

Nilirudi Kenyenya nimekunja uso. Fundi mmoja mzee hakuniuliza habari za alama. Aliniuliza hivi: Linatetemeka zaidi likiwa limetulia au likikanyagwa mafuta? Nikamjibu kwamba likikanyagwa hutulia. Akatabasamu. Aliinamisha kichwa juu ya injini, akafumba macho, akasikiliza. Kisha akadondosha maji kidogo juu ya mpira mmoja wa hewa nyuma ya injini, na mngurumo ukabadilika pale pale. Mpira ulikuwa na ufa mdogo upande wa chini, usioonekana kwa jicho. Mpira mpya ulinigharimu chini ya bei ya chakula cha mchana.

Huenda utasema kwamba mzee alibahatisha. La, hakubahatisha, alifikiri. Injini ikizunguka polepole huvuta hewa kwa nguvu kupitia ufa wowote, na hewa hiyo ya wizi huwa sehemu kubwa ya hewa yote iliyomo. Ikikanyagwa, mlango mkubwa wa hewa hufunguka, na ile ya wizi huwa si kitu. Ndiyo maana aliuliza swali lile. Tena tazama kosa la wale wa mjini. Hewa ya wizi ilipita nyuma ya kihisio cha kwanza, kwa hiyo haikuhesabiwa. Kihisio cha oksijeni ndicho kilichotoa habari kwamba hewa imezidi. Kilisema kweli, nao wakakifukuza! Walimfunga shahidi, wakamwacha mwizi.

Watetezi wa mashine hujibu kwamba mwanadamu hukosea na mashine haikosei. Jibu hili lapendeza masikioni, lakini halina mizizi. Mashine husema kile ilichoamriwa kusema. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia katika motokaa zake za dizeli programu iliyotambua saa ya ukaguzi. Gari likiwa linapimwa, lilizuia moshi wa sumu. Likitoka barabarani, liliuachia. Kampuni ilikiri kwamba motokaa zipatazo milioni 11 duniani zilikuwa na programu hiyo. Ni nani waliofungua njia ya kufichua hila hiyo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao hawakutosheka na maneno ya kompyuta. Walipakia vyombo vyao vya kupimia, wakasafiri barabarani, wakapima moshi wenyewe. Moyo wao na moyo wa mzee wa Kenyenya ni mmoja: usiamini mpaka umehakikisha.

Liko jambo jingine la hatari zaidi, nalo ni biashara ya kuongeza nguvu za injini kwa kuibadilisha programu ya kompyuta. Kijana hulipa fedha, huambiwa kwamba gari lake sasa ni simba, naye huamini. Kwa kweli injini nyingine, hasa zenye turbo, huongezeka nguvu kwa njia hiyo. Lakini programu haiongezi unene wa chuma. Haizifanyi breki kuwa kubwa zaidi, wala haiyafanyi magurudumu kushika vizuri zaidi tope la barabara ya milimani wakati wa mvua. Fundi wa zamani aliyetaka kuongeza nguvu alilazimika kulifungua gari lote kwa mikono yake, na katika kulifungua alizikuta breki zilizolika na boliti zilizolegea. Mwenye kompyuta aweza kuongeza nguvu bila ya kuinama hata mara moja kutazama chini ya gari. Kenya ilizilazimisha matatu zifungwe vidhibiti mwendo kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, kwa sababu makaburi yalikuwa yanajaa. Je, tumekwisha sahau?

Nisije nikadhaniwa kwamba nawapendelea wazee, basi nao wasikie. Wako mafundi ambao, wakishindwa na waya wasioujua, huukata na kusema kwamba ni pambo tu. Wako wachomoao balbu ya taa ya onyo ili mwenye gari asisumbuliwe. Wako wasiotaka kujifunza neno jipya kwa kuwa walianza kazi kabla ya wewe kuzaliwa. Hao hawatetei ufundi. Wanatetea uvivu, na uvivu hauwi hekima kwa kuota mvi. Fundi akataaye mashine na kijana akataaye kufikiri ni ndugu wawili wa baba mmoja, na baba huyo ni ujinga.

Ukitaka mfano wa fundi wa kweli, usiende mbali. Joginder Singh alizaliwa mwaka 1932 huko Kericho, mji wa majani chai usio mbali na Kisii. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, gari ambalo wengine walikuwa wamekwisha lichosha. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Madereva wenye magari mapya walikuwapo. Walakini yeye alilijua gari lake nati kwa nati, na alijua la kufanya lilipomlilia porini mahali pasipo na karakana. Akiwa hai leo angetumia kompyuta, sina shaka. Lakini angeitumia kama bwana atumiavyo chombo chake.

Na chombo hicho kisiwe kifungo. Watengenezaji wengi wa motokaa hupenda kuficha funguo za kompyuta zao, ili kila gari lirudi kwa mawakala wao. Mwezi wa Novemba mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts huko Marekani waliikubali sheria ya kuwataka watengenezaji wawape mafundi huru habari zile zile wawapazo mawakala. Ikiwa watu wa nchi tajiri waliona haja ya kuidai haki hiyo, sisi tununuao magari yaliyokwisha tumika kutoka Japani, tukiwa mbali na kila wakala, tuna haja kubwa zaidi. Lakini haki ya kujua haimfai mtu asiyetaka kujua. Mlango ukifunguliwa, ni lazima awepo wa kuingia.

Ndiyo sababu nimekuandikia wewe uliye shuleni. Umesikia ikisemwa kwamba karakana ni mahali pa walioshindwa mtihani. Maneno hayo ni ya aibu. Katika karakana ile ya kando ya barabara kuna fizikia ya shinikizo, kemia ya kuungua, hesabu za uwiano na umeme wa darasani kwako, isipokuwa huko jibu lisilo sahihi halipewi alama ya mkasi. Huua injini, au huua watu. Kitabu unacho, na mashine utaipata. Kinachokuwa haba ni mtu aliyekaa miaka 30 akisikiliza injini, naye hatakaa milele. Siku atakapoondoka na elimu yake bila ya mrithi, hakuna duka mjini litakalokuuzia.

Basi ukimwona mzee ameinamisha kichwa juu ya injini na kufumba macho, usicheke. Sogea karibu, umwamkie kwa adabu, umwulize anasikia nini. Kisha chukua mashine yako, uichomeke, uone kama mnasema jambo moja. Mkipatana, umejifunza. Msipopatana, ngoja, usinunue kitu bado. Mtafute mwizi kwanza, wala usimfunge shahidi.