Ukulele si Ukelele

Muhula huu Chama cha Muziki kimeletewa shauri ambalo naona halifai kupita bila kujibiwa. Shauri lenyewe ni kwamba wanafunzi wapya wa ukulele wafundishwe kucharaza tu, yaani kupitisha vidole juu ya nyuzi zote nne kwa pamoja, ili Siku ya Wazazi ikifika waweze kuimbisha ukumbi mzima. Kudonoa, yaani kupiga uzi mmoja mmoja kwa mpango, kungojee mpaka wafike Kidato cha Tatu. Mimi nasema la. Kudonoa kutangulie, na kucharaza kufuate.

Hoja ya wenzangu naijua, wala si dhaifu. Mwanafunzi akijua mshiko wa C, ambao wataka kidole kimoja, na wa F, ambao wataka viwili, jioni ile ile aweza kucharaza wimbo na wenziwe wakaitikia. Furaha hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mtazameni mwanafunzi huyo baada ya miezi mitatu: yu pale pale. Mkono wake wa kuume wapanda na kushuka kama wa mtu apepeaye jiko, na uzi mmoja ukilegea hana habari, maana umefichwa na wenzake watatu. Mwenye kudonoa hana pa kujificha. Kila uzi walia peke yake, na ukikosewa hata mpishi wa shule asikia.

Tena jambo lenyewe si gumu kama linavyosemwa. Mpango wa kwanza ni huu. Uzi ulio karibu na kidevu huitwa wa nne, na ulio karibu na magoti ni wa kwanza. Kidole gumba kina kazi ya uzi wa nne na wa tatu. Kidole cha shahada chashika uzi wa pili. Cha kati, uzi wa kwanza. Basi piga gumba uzi wa nne, shahada uzi wa pili, gumba uzi wa tatu, kati uzi wa kwanza, kisha rudia. Mapigo ni manne tu. Ukifanya mara mbili umepata manane, nayo yatosha kujaza hesabu ya moja mpaka nne. Kaa karibu na saa ya ukutani ihesabuyo sekunde, upige mara mbili kwa kila sekunde. Na kama vidole vyagongana, piga mara moja. Usibadili mshiko wowote mpaka mkono wa kuume uweze kuendelea huku ukizungumza na jirani yako. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa kwa juma zima husikii wimbo, wasikia mapigo tu. Juma la pili mkono huenda wenyewe, na sauti yako huwa huru kuimba.

Wako wanaochukua mipango ya gitaa na kuihamishia kwenye ukulele kama ilivyo, kisha wakashangaa kwamba haipendezi. Katika gitaa kidole gumba hutembea juu ya nyuzi nene, nacho ndicho kitoacho besi. Katika ukulele yetu nyuzi ni G, C, E na A, na hiyo G ya karibu na kidevu ni nyembamba, sauti yake iko juu kupita C na E. Kwa hiyo gumba likishuka, sauti haishuki pamoja nalo, yarukaruka. Wengi husema kwamba jina la ukulele kwa lugha ya Hawaii maana yake ni kiroboto arukaye, nami naona lafaa. Chombo chenyewe kilitokana na vigitaa vidogo vya Wareno wa Madeira, waliofika Honolulu kwa meli ya Ravenscrag mwaka 1879.

Asije mtu akaniambia kwamba kudonoa ni mambo ya kigeni yasiyotuhusu. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya katika Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Katika wimbo wake Masanga utadhani magitaa ni mawili, kumbe ni mtu mmoja, na vidole vya mkono wa kuume ni viwili tu, gumba na shahada! Na huko Marekani, Elizabeth Cotten wa North Carolina alitumia mkono wa kushoto. Gitaa la watu wa mkono wa kulia aliligeuza juu chini bila kubadili nyuzi, gumba likapiga wimbo na vidole vikapiga besi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na vyombo vingi kuliko tulivyo navyo sisi.

Sasa nije kwenye neno ambalo walimu wetu watalipima zaidi. Chama chetu kina ukulele sita, nazo hutolewa kabatini Jumamosi mchana tu, kwa sababu ya makelele. Sababu hiyo ni ya haki. Ukulele tatu zikicharazwa pamoja bwenini, mwenye kusoma hesabu hasomi tena. (Mzazi mmoja aliposikia jina la chombo alidhani mwanawe anafundishwa kupiga ukelele, na siku hiyo hakuwa mbali na kweli.) Lakini ukulele ikidonolewa kwa ncha za vidole haisikiki nje ya mlango uliofungwa. Basi wanaodonoa waweza kupewa nusu saa kila siku baada ya chakula cha jioni, kabla ya kengele ya masomo. Wanafunzi sita kwa nusu saa, siku tano, ni thelathini kwa juma. Hivi sasa Jumamosi moja haiwatoshi hata kumi na wawili, na wapya waondoka mmoja mmoja kwa kuchoka kungoja zamu.

Naomba shauri hili lijadiliwe kabla kura haijapigwa. Mwenye shaka na aje chumba cha muziki Jumamosi, asimame nje, tufunge mlango, naye atuambie anasikia nini.