Tusivishwe kilemba cha ukoka na wauza laptopu

Majuzi mwalimu mwenzangu wa huko Njoro alinijia na laptopu yake kwapani, uso umemsawijika. Alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja mjini Nakuru, naye fundi, kwa malipo ya shilingi elfu nne, akamwahidi kwamba ataisasisha famuwea hata prosesa ya Core i3 igeuke kuwa Core i7. Aliporudishiwa mashine, kweli kioo kilionyesha maneno Core i7. Lakini ilijikokota vilevile kila alipofungua fomu za tathmini katika tovuti ya TSC. Akaniuliza, "Ndugu yangu, nimeibiwa au ni mimi nisiyejua kuitumia?"

Nilimjibu kwamba ameibiwa. Maadamu walimu na wanafunzi wengi wa eneo hili hununua laptopu zilizokwisha kutumika ng'ambo, yafaa nieleze sababu mbele ya wote.

Famuwea, ambayo mafundi wengi huiita BIOS, ni programu ndogo inayokaa ndani ya bodi kuu ya mashine. Mtu abonyezapo swichi, hiyo ndiyo huamka kwanza, ikaitambua prosesa, memori na diski, kisha ikaipisha Windows. Prosesa nayo ni kipande cha silikoni kilichochongwa kiwandani, na idadi ya viini vyake haiongezeki kwa maandishi. Sisi wa shule twaweza kulipima jambo hili kwa ratiba ya masomo. Naibu wa mwalimu mkuu akiandika ratiba mpya, anaweza kumpa kazi mwalimu aliyekuwa ameketi bila kipindi. Hawezi, kwa kalamu yake, kumleta darasani mwalimu ambaye hakuajiriwa.

Uongo huu unaaminika kwa kuwa umechanganywa na chembe ya ukweli. Mnamo 2010 kampuni ya Intel ilijaribu kuuza, kwa dola 50 za Marekani, kadi ya kufungulia sehemu za prosesa ya Pentium G6951 zilizokuwa zimefungwa makusudi kiwandani. Mwaka uliofuata mpango huo ukafikia hata prosesa ya laptopu, Core i3-2312M. Wateja walinung'unika, na mpango haukudumu. Hata hivyo, kilichofunguliwa kilikuwa tayari ndani ya silikoni.

Chembe ya pili inatoka katika kompyuta za mezani. Bodi za AMD zenye soketi ya AM4 ziliweza kupokea prosesa za miaka ya baadaye baada ya famuwea kusasishwa, kwa sababu bodi hukataa prosesa isiyoijua. Lakini mwenye mashine alilazimika kuinunua prosesa mpya na kuipachika kwa mkono. Hata katika laptopu jambo hili liliwahi kuwezekana. Lenovo ThinkPad T420 ya 2011 ina prosesa ya kuchomoa, na wapenzi wa mashine hiyo wameiwekea famuwea mbadala iitwayo coreboot ili ikubali prosesa za kizazi cha 3, ilhali ya kiwandani huzikataa.

Mlango huo umefungwa. Prosesa za laptopu za Intel za kizazi cha 4, za 2013, ndizo za mwisho kutolewa pia katika umbo la kuchomoa. Zilizofuata zimelehemiwa kwenye bodi. HP EliteBook 840 tunazoziona madukani zimekuwa hivyo tangu toleo la kwanza. Atakaye prosesa nyingine hana budi kubadilisha bodi nzima, na aghalabu gharama yake huikaribia bei ya laptopu nyingine.

Basi jina la Core i7 lilitoka wapi? Jina linaloonyeshwa na Windows ni maandishi tu, na maandishi hubadilishwa. Mashine ya mwenzangu ilivishwa kilemba cha ukoka.

Hatari imezidi tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inadai kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na ulinzi uitwao TPM 2.0. Katika baadhi ya mashine famuwea yaweza kuuwasha ulinzi huo uliokuwa umezimwa. Haiwezi kukigeuza kizazi cha 4 kuwa cha 8.

Naomba nieleweke: sikatazi kusasisha famuwea. Masasisho hayo huziba nyufa za usalama, kama zile za Meltdown na Spectre zilizotangazwa Januari 2018. Yafanywe betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine yaweza kukataa kuwaka kabisa.

Mnunuzi na asiridhike na neno i5 au i7. Adai namba kamili: i5-4300U ni ya kizazi cha 4, i5-8250U ya kizazi cha 8. Aisome katika ukurasa wa BIOS wenyewe, kabla ya Windows kuwaka. Na mwenye mashine nzee iliyochoka, zile elfu nne azielekeze kwenye diski ya SSD au memori zaidi, ikiwa mashine yake inakubali. Huko ataona tofauti kwa macho yake.

Shule nazo zisiidhinishe ununuzi wa kompyuta bila namba hiyo kuandikwa katika stakabadhi. Na walimu wa somo la kompyuta wafungue mashine moja iliyokufa mbele ya wanafunzi, wawaonyeshe prosesa ilipolehemiwa. Mwanafunzi aliyekwisha kuigusa kwa kidole hataambiwa na mtu yeyote kwamba hubadilishwa kwa maneno.