Kabla ya Kununua Tiketi ya Kwenda Asia

Safari ya Asia si jambo geni tena katika nyumba za Kizuka na vijiji vingine vya mwambao wa Rumonge. Mmoja huandikiwa na daktari kwenda India kutibiwa moyo au figo. Mwingine hupata nafasi ya masomo China. Wa tatu hukusudia kununua bidhaa Guangzhou. Aghalabu nauli haitoki mfukoni mwa mtu mmoja. Ni mawese yaliyouzwa, ni ndagala walioanikwa, ni akiba ya mshahara wa askari, na mchango wa mashemeji na majirani. Fedha iliyopatikana kwa jasho la wengi haifai kupotea kiwanjani kwa sababu tiketi ilichaguliwa kwa kutazama bei peke yake.

Kutoka Bujumbura hakuna ndege iendayo moja kwa moja hadi Mumbai wala Guangzhou. Ni lazima kubadili ndege njiani. Kwa hiyo anayenunua tiketi hununua vitu viwili: kiti cha kukalia, na mahali pa kungojea. Hicho cha pili ndicho husahauliwa, nacho ndicho huwatesa wasafiri wengi.

NJIA ZILIZOZOELEKA

Njia ya kwanza hupitia Addis Ababa kwa Ethiopian Airlines, shirika lililoanza kwenda China mwaka 1973, ambalo kutoka kiwanja cha Bole hufika miji mingi ya India, China na Asia ya Kusini-Mashariki. Njia ya pili hupitia Nairobi kwa Kenya Airways, kuelekea Mumbai au Guangzhou. Ya tatu hupitia Entebbe kwa Uganda Airlines, ambalo lilianza safari za Mumbai mwaka 2023. Wako pia wanaoshika barabara ya kusini, Nyanza-Lac hadi mpaka wa Mugina, wakaingia Kigoma na kuruka hadi Dar es Salaam. Air Tanzania lilianza kwenda Mumbai mwaka 2019. Njia hii ya mwisho yaweza kumfaa kijana mwenye nguvu na begi moja. Kwa mgonjwa, mpaka na barabara ni mzigo juu ya mzigo. Ratiba za mashirika yote hubadilika, hivyo yapasa kuziuliza upya kila safari.

TIKETI MOJA AU MBILI?

Wako mawakala wanaounganisha tiketi mbili za mashirika yasiyo na mapatano, ili bei ipungue. Hapo ndipo rahisi hugeuka ghali. Msafiri mwenye tiketi moja kutoka Bujumbura hadi mwisho wa safari, ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kumtafutia nafasi nyingine, na kwa kawaida mzigo wake husafirishwa hadi mwisho. Mwenye tiketi mbili hana mtetezi. Shirika la kwanza litasema limemfikisha; la pili litasema hakutokea. Atalazimika kuchukua mzigo wake, kuupima upya, na pengine kununua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Mambo haya hutokea. Mnamo Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways walipogoma, maelfu ya abiria walikwama. Siku kama hiyo ndipo thamani ya tiketi moja huonekana.

MUDA WA KUNGOJEA

Kungojea kwa muda mfupi mno ni hatari, kwa kuwa dakika chache za kuchelewa Bujumbura zatosha kuharibu safari nzima. Kungojea kwa saa mbili hadi tano hufaa watu wengi. Zaidi ya saa nane, jamaa waulize kabla ya kulipa: je, shirika litatoa hoteli na chakula? Na je, msafiri ataruhusiwa kutoka kiwanjani? Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na raia wake huingia Kenya, Uganda na Tanzania bila viza. Ethiopia haimo katika Jumuiya hiyo, kwa hiyo masharti yake yaulizwe mapema.

Tena Addis Ababa iko juu sana, mita zipatazo 2,300 kutoka usawa wa bahari. Aliyezoea joto la ziwa atasikia baridi kali usiku. Sweta na soksi ziwekwe katika begi la mkononi, hasa kwa mzee na mtoto.

SAA YA TIKETI NA SAA YA NYUMBANI

Kosa moja dogo limewaachisha wengi ndege. Tiketi haihesabu saa kama ahesabuvyo Mswahili. Ikiandikwa 14:00, maana yake ni saa nane mchana. Ikiandikwa 00:40 ya tarehe 15, hiyo ni saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia tarehe 15. Msafiri hana budi kuwapo kiwanjani tarehe 14 jioni. Akitoka nyumbani tarehe 15, atakuta ndege imekwenda.

Tena kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 75, na kiwanja kiko upande wa pili wa mji. Barabara ya mwambao imewahi kuharibiwa na mvua na maji ya ziwa, na uhaba wa petroli katika miaka ya karibuni umewafundisha wananchi kutoamini gari la dakika ya mwisho. Ni heri msafiri alale mjini kwa jamaa.

MGONJWA NA MSINDIKIZAJI

Anayekwenda India kutibiwa huomba viza ya matibabu, na ndugu wa kumsindikiza huomba viza yake, wasizidi wawili. India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa watokao Burundi. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Asiyekuwa nacho aweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Fikiria mgonjwa aliyepewa siku ya kupasuliwa, naye amezuiwa kwa sababu ya karatasi! Kwa hiyo chanjo itangulie tiketi.

Kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kununua tiketi, maana viwanja vikubwa vina mwendo mrefu kati ya mlango na mlango. Dawa na barua ya daktari zikae mkononi, zisiwekwe katika mzigo mkubwa. Aliyepasuliwa karibuni au mwenye shida ya kupumua amwulize daktari kama aweza kuruka. Na kila abiria ainuke mara kwa mara anyooshe miguu, ili damu isigande.

ASKARI NA MZIGO

Askari au polisi amsindikizaye mzazi wake apate kwanza ruhusa ya maandishi kwa wakuu wake, ndipo anunue tiketi. Likizo yaweza kuahirishwa, na matibabu yaweza kurefuka. Tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe, hata ikizidi bei kidogo, yaweza kumwokolea nauli nzima.

Mama wa nyumbani naye asimtwike msafiri chupa ya mawese mkononi. Kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 huzuiwa kwenye ukaguzi, nacho hutupwa mbele ya macho ya mwenyewe.

Basi, kabla fedha haijatoka, baba, mama na msafiri waketi pamoja na karatasi ya wakala mbele yao, wajibu maswali haya: Ni tiketi moja? Mzigo unafika mwisho? Atangojea wapi, saa ngapi, na nani atamlisha? Tarehe yaweza kubadilishwa, na kwa malipo gani? Chanjo na viza zipo? Penye jibu lisiloeleweka, fedha ingoje. Wakala mwaminifu hachukii kuulizwa, na ndege nyingine itaruka kesho.